Mgeni akichukuliwa nyumbani kwako, ni nani aliyevunjiwa heshima?

Njia Panda (Nairobi)

Wakuu, kuna swali halijanitoka tangu Novemba 2024. Nalileta hapa tulijadili kwa hoja.

Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alikuja Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu cha mwanasiasa wetu Martha Karua. Jioni ya tarehe 16 akaenda kwenye jengo moja la makazi kule Riverside Drive, yeye na mwenzake Obeid Lutale. Hawakuonekana tena hadi tarehe 20, walipotokea Makindye, Kampala, mbele ya mahakama ya kijeshi, wanasomewa mashtaka ya bastola na risasi. Mtu katolewa Nairobi, kavushwa mpaka, na hakuna hakimu hata mmoja wa Kenya aliyemtazama usoni.

Njia ya halali ipo, wala si ndefu. Sheria yetu ya kurejesha watuhumiwa, Sura ya 76, imewarahisishia majirani: hati ya kukamata iliyotolewa Uganda inaletwa kwa hakimu wa hapa, akiridhika anaiidhinisha, mtu anakamatwa, anasikilizwa, ndipo anapelekwa.

Swali: upo wakati wowote ambapo ni haki nchi rafiki kuiruka njia hiyo? Na ikiiruka, mwenye nyumba aufanye nini urafiki?

Mzee Kigogo (Dar es Salaam)

Mkuu, swali zuri ila umeanzia katikati. Kenya haikuanza na Besigye. Yule kiongozi wa Wakurdi, Öcalan, mlimuuza kwa Waturuki mwaka 98 kama sikosei. Akaja Nnamdi Kanu, yule anayetaka Biafra ijitenge na Nigeria, 2021, kachukuliwa Nairobi, kaibukia Abuja. Wakaja wale 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, waliobebwa Kisumu Julai 2024 wakasomewa ugaidi Kampala. Miezi minne tu kabla ya Besigye! Nyumba ambayo kila mgeni anabebwa, mimi siwezi kusema imevamiwa. Kuna mtu ndani anafungua mlango.

Shangwe la Pwani (Mombasa)

Hilo neno "mlimuuza" lirudishe, mzee. Mwaka huo nilikuwa darasa la sita, nilimuuza nani?

Kwanza ni Februari 1999, si 98. Pili, Öcalan aliletwa na Wagiriki wakamweka kwa balozi wao hapo Nairobi. Alipochukuliwa njiani kwenda uwanja wa ndege, Athens mawaziri watatu walijiuzulu, wa mambo ya nje akiwamo. Ugiriki na Uturuki wote wako NATO. Fahali walikuwa wao, sisi tulikuwa nyasi.

Na wewe wa Dar unayetuhesabia wageni wetu: Mei 2025 wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikuja kwenu kufuatilia kesi ya mpinzani wenu Tundu Lissu. Mmoja aliokotwa Kwale, mwingine Mutukula mpakani mwa Uganda, na wote wawili wanasema waliteswa. Mlango wenu nao aliufungua nani?

Mzee Kigogo

Hilo sijawahi kulitetea na hutanikuta nikilitetea. Neno "wasiojulikana", jina tunalowapa watekaji, nimelisikia hadi nikilisikia redioni nazima. Lakini Maria Sarungi, mwanaharakati Mtanzania, alitekwa wapi Januari 2025? Nairobi, mchana. Akaachiwa baada ya saa kadhaa, watu walishapiga kelele dunia nzima. Nasema tena: Nairobi mlango hauna komeo. Ukikasirika, kasirikia mlango, usinikasirikie mimi.

Binti wa Ufundi (Nairobi)

Mnaongea kama kila anayechukuliwa ni mwanasiasa au mwanaharakati.

Tarehe 7 Agosti 1998, siku balozi za Marekani za Nairobi na Dar zilipolipuliwa, shangazi yangu alikuwa Ufundi House, jirani na ubalozi, kwenye darasa la uhazili. Nairobi peke yake walikufa watu 213, Dar 11. Shangazi tulimtambua kwa saa ya mkononi. Ukanda wake wa kahawia ulikuwa na tundu moja la ziada, baba alilitoboa kwa msumari kwa sababu mkono wa dada yake ulikuwa mwembamba. Nilikuwa na miaka tisa, nililiona lile tundu.

Sasa mtu aniambie waliofanya vile walikamatwa nchi za watu bila hati ya hakimu. Sijali. Wangeletwa ndani ya gunia, sijali. Mtu anaua mamia halafu anavuka mpaka, mpaka umfiche? Huo mpaka ni wa nani?

Kisiwa cha Marashi (Pemba)

Pole sana dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nakujibu kwa heshima kwa sababu mmoja wa hao ni mtu wa kwetu Zanzibar.

Khalfan Khamis Mohamed alikuwa akifanya kazi kwenye mkahawa Cape Town. Oktoba 1999 alikamatwa, na ndani ya siku chache akakabidhiwa Wamarekani na kupelekwa New York. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema serikali yao ilikosea: walimtoa bila kupata ahadi kwamba hatauawa. Hawakusema hana hatia. Walisema sisi wenyewe tumevunja katiba yetu. Mwaka huohuo New York alihukumiwa kifungo cha maisha. Haki ya shangazi yako haikupungua hata chembe kwa wale majaji kusema kweli.

Binti wa Ufundi

Sikuuliza hukumu. Nimeuliza mpaka ni wa nani, umenijibu habari za kuuawa au kutouawa. Na hilo "mtu wa kwetu" mbona umeliandika kwa upole namna hiyo?

Kisiwa cha Marashi

Nimeandika "wa kwetu" kwa sababu aibu yake ilitupata sote. Kwa miaka mingi baada ya pale, pasi yangu ikisomwa mahali nilipozaliwa, naambiwa simama pembeni. Safari moja nilisimama muda wa saa tatu na mtoto mgongoni. Sikulalamika, nilijua wanatafuta nini. Lakini usinifanye mtetezi wake, dada.

Binti wa Ufundi

Nimekusikia. Samahani kwa hilo. Swali langu bado lipo.

Njia Panda

Naomba nilijaribu mimi, maana nimeona ndilo swali lenyewe kuliko hata langu.

Mwaka 1960, mwezi wa Mei, Waisraeli walimchukua Eichmann, yule Mnazi aliyesimamia mauaji ya Wayahudi, nje kidogo ya nyumba yake Buenos Aires. Kama yupo mtu aliyestahili kubebwa na gunia la Binti wa Ufundi, ni yule. Argentina ikalalamika hadi Baraza la Usalama, likapitishwa azimio namba 138 kutaka Argentina iridhishwe. Agosti serikali mbili zikatoa tamko la pamoja kwamba jambo limekwisha. Eichmann akabaki Israeli, akahukumiwa Jerusalem, akanyongwa 1962. Angalieni nani alikuwa anaombwa radhi pale: Argentina. Mpaka ulikuwa wa serikali.

Sasa njooni kwa Öcalan. Mawakili wake walifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu wakasema kukamatwa kwake Nairobi kulikuwa utekaji. Mwaka 2005 majaji wakakataa hoja hiyo. Kesi aliyofanyiwa Uturuki walisema haikuwa ya haki, lakini kuhusu kukamatwa walisema Kenya haikulalamika, tena ilishirikiana. Basi. Serikali ya nchi alimochukuliwa ikinyamaza, kosa linakufa na mwenye mwili hana pa kusemea.

Kwa hiyo Binti, jibu langu ni hili: mpaka tumeuacha uwe wa serikali, ndiyo maana unamficha muuaji siku serikali ikitaka, na haumfichi mkimbizi siku serikali hiyohiyo ikichoka naye. Hakimu aliyeandikwa kwenye Sura ya 76 ndiye pekee ambaye angeuliza habari za mtu badala ya habari za urafiki.

Mzee Kigogo

Hapo umenena. Ila hakimu wa kuzuia marafiki wakubwa umemwona wapi?

Njia Panda

Milano. Februari 2003 CIA walimchukua imamu Mmisri, Abu Omar, mchana barabarani, wakampeleka kambi ya Aviano, kisha Ujerumani, kisha Misri, ambako anasema aliteswa. Na kumbuka polisi wa Italia walikuwa tayari wanamchunguza kwa ugaidi. Uchunguzi wao ukakatwa katikati na rafiki. Mwendesha mashtaka Armando Spataro akafuata rekodi za simu na bili za hoteli, akawapata mmoja mmoja. Novemba 2009 Wamarekani 23 walihukumiwa bila kuwapo. Serikali za Roma, moja baada ya nyingine, zilikaa upande wa kuificha kesi. Na kambi za Marekani Italia hazikuondoka. Urafiki haukufa kwa sababu jaji alifanya kazi yake.

Na karibu zaidi: Ebrahim Ismail Ebrahim wa ANC alitekwa Swaziland 1986, akafungwa miaka 20 kwa uhaini. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya Afrika Kusini, majaji wa enzi za makaburu wale, ilifuta hukumu kwa sababu dola lilimpata kwa kumteka. Walisema dola linaloleta kesi lije na mikono safi.

Shangwe la Pwani

Kwa Kanu, Nigeria ilifuata njia hiyo kisha ikairudia nyuma. Mahakama ya rufani Oktoba 2022 ilimwachia kwa sababu ya namna alivyochukuliwa kwetu, Mahakama ya Juu Desemba 2023 ikasema kesi iendelee. Na Mahakama Kuu yetu 2025 imesema kumchukua kulikuwa kinyume cha katiba, ikaagiza alipwe shilingi milioni 10. Milioni kumi za nani? Za kodi yangu. Aliyefungua mlango halipi.

Mzee Kigogo

Kwa Besigye Kenya ilisemaje hasa? Nakumbuka waliruka.

Njia Panda

Mwanzo wizara ya mambo ya nje ilisema si kazi ya Kenya. Waziri wa habari wa Uganda akasema haiwezekani mtu akatolewa katikati ya Nairobi bila serikali ya pale kujua. Mwaka 2025 Mudavadi mwenyewe, waziri wa mambo ya nje wa Kenya, alikiri kwenye runinga kwamba Kenya ilishirikiana, kwa kuwa Uganda ni nchi rafiki. Yaani kile tulichokuwa tunagombana hapa, kama urafiki umevunjwa, hakikuwapo. Urafiki ndio ulitumika.

Kato (Nairobi)

Mimi ni Muganda, kwetu Masaka, ninafanya kazi hapa Nairobi mwaka wa saba. Munaongea mlango, munaongea mpaka. Huyo mtu je? Besigye alikuwa daktari wa Museveni msituni. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu yetu ilisema raia wasishtakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi. Hawakumwachia. Walibadilisha mashtaka yakawa uhaini, wakamrudisha gereza la Luzira, na dhamana wamemnyima zaidi ya mara moja. Ni mzee. Kufikia Februari alikuwa amegoma kula, tukaona picha amekaa mahakamani kichwa kimelala.

Tangu Novemba ile mimi sipandi gari moja na watu wawili ambao siwajui. Nikitoka kazini nabadilisha njia. Mimi si kitu, ni fundi wa jokofu tu, lakini mwaka 2021 niliandika mambo kwenye simu yangu. Nyinyi munaogopa heshima ya Kenya kuvunjika. Mimi naogopa jioni.

Shangwe la Pwani

Kato, Kiswahili chako kizuri kwa Mganda. Umekipata kambini? Maana Waganda ninaowajua wanaokizungumza hivyo wote ni askari, na siku hizi mitaa ya Nairobi imejaa askari wa kwenu waliovaa kiraia.

Kato

Nimesoma hii mara tatu.

Mama yangu alizaliwa 1961. Kiswahili kilichobaki masikioni mwake, akiwa Kampala miaka ya themanini, kilikuwa maneno mawili: "panda gari." Askari walikuwa wanazunguka mtaa asubuhi, wanatoa watu, wanasema panda gari. Operesheni yenyewe watu waliiita hivyo, panda gari. Mjomba wangu alipanda. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, alikiweka chini juu ya kizingiti ili kisimwagike, akapanda. Kikombe mama alikitunza. Yeye mwenyewe hakurudi.

Mimi nilipoanza kujifunza Kiswahili hapa Nairobi, nilirudi nyumbani Krismasi nikamwambia "shikamoo mama" kwa furaha. Akatoka chumbani. Sasa wewe unaniuliza kama nilikipata kambini.

Binti wa Ufundi

Shangwe, omba radhi.

Shangwe la Pwani

Sikutukana. Nimeuliza. Katika hali tuliyo nayo mtu ana haki ya kuuliza anaongea na nani. Na kitu kimoja niweke wazi: Kiswahili hakikutoka jeshini. Kimetoka pwani hii, kwa wavuvi na masheikh na mabibi. Jeshi lilikibeba tu.

Mzee Kigogo

Hapo sasa umeingia kwangu. Kaka yangu mkubwa alikwenda na jeshi letu 1979 hadi Kampala. Anasema vijijini watu walikuwa wakiwapa ndizi na kuwaita wakombozi, na lugha waliyokuwa wakisemezana nao ni Kiswahili. Kwa hiyo kuna Mganda aliyekisikia kwa mkombozi pia. Lugha haina kosa, bwana Kato.

Kato

Mzee, nakuheshimu na namheshimu kaka yako. Amin naye alisema nasi kwa Kiswahili. Wakombozi wakasema Kiswahili. Waliokuja baada yao wakasema Kiswahili, panda gari. Kwa mama yangu sauti ilikuwa moja, sare tu ndiyo ilibadilika. Wezi pia walikuwa wakikitumia usiku, ili ufungue ukidhani ni askari.

Kisiwa cha Marashi

Lakini serikali yenu Julai 2022 si imekubali kiwe lugha rasmi, kifundishwe shule zote? Hata katiba yenu ilishakitaja 2005. Mambo yanabadilika.

Kato

Kukubali kwa baraza la mawaziri hakufiki chumbani kwa mama.

Shangwe la Pwani

Na Dar msijifanye wenye lugha. Hicho mnachoita sanifu kilichaguliwa Kiunguja na Waingereza 1928, Kimvita chetu cha Mombasa kikawekwa kando, na mashairi yote yale.

Mzee Kigogo

Nani kajifanya? Nimesema lugha haina kosa, umeanza na Kimvita! Wewe ndiye uliyemwita mtu mpelelezi kwa sababu sarufi yake imenyooka. Kama Kiswahili ni cha mabibi wa pwani, basi bibi yako angemkaribisha kwanza, ukoo angeuliza baadaye.

Shangwe la Pwani

Bibi yangu usimtaje.

Binti wa Ufundi

Mimi ndiye nilisema waletwe kwa gunia. Nimesoma habari ya kikombe na nimekaa nayo tangu jana. Bado sijabadili mawazo kuhusu waliomuua shangazi. Lakini gunia lile silitaki tena kwenye maneno yangu. Baba alikuwa na saa, mama yake Kato ana kikombe. Kato, mama yako anaitwaje, kama si vibaya, nimwombee.

Kato

Mwite Maama Kato, inatosha. Asante.

Shangwe la Pwani

Kato, nilikosea kukuuliza vile. Nilikuwa nimewashwa na mzee wa Dar nikakumalizia wewe. Yaishe.

Kato

Yameisha.

Soja wa Geti (Nairobi)

Mimi huwa nasoma tu, leo naandika. Nalinda geti la fleti, mtaa sitautaja wala mwaka. Tuna kile kitabu cha wageni: jina, namba ya kitambulisho, namba ya gari, nyumba anayokwenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Meneja ametuambia hata akija padri aandike.

Usiku mmoja zikaja Subaru mbili. Nikawapa kitabu dirishani. Dereva akanirudishia bila kukifungua, akasema fungua geti. Nikafungua. Mzee Kigogo amesema kuna mtu ndani anafungua mlango. Ni mimi. Nina watoto wawili na mshahara wa kampuni ya ulinzi.

Lakini nilikuwa nimesoma namba za magari, nikaziandika. Saa tatu na dakika arobaini. Waliposhuka walikuwa na mpangaji wa orofa ya nne, mtu wa mbali, mpole, kila asubuhi ananisalimia kwa "habari ya usiku". Alikuwa na soksi mguu mmoja. Walipopita karibu na kibanda, akaanza kusema majina yake. Yote matatu. Akayarudia polepole, kama mwalimu anayesomea darasa imla, huku ananitazama kalamu. Nikaelewa. Nikayaandika kwenye nafasi ya sahihi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi.

Asubuhi nilipoamkia zamu, ukurasa ule ulikuwa umechanwa.

Njia Panda

Kaka, ulifanyaje?

Soja wa Geti

Mimi huandika kwa nguvu, biro zetu ni za bei rahisi. Alama zilikuwa zimebaki ukurasa wa chini. Nikachukua penseli ya mtoto wangu nikapaka juu polepole, majina yakatokea meupe, na namba moja ya gari. Ya pili haikutokea vizuri.

Siku ya tatu mke wake alikuja na picha, anauliza kila geti la mtaa. Nilimpa ile karatasi. Akaisoma akasema nimekosea herufi mbili kwenye jina la baba mkwe. Akaomba penseli, akazisahihisha palepale juu ya meza yangu, akaikunja.

Kato

Alimpata?

Soja wa Geti

Alinipigia simu mara moja, akasema wakili amesema ile namba ya gari imesaidia mahakamani. Tangu hapo simu yake haipatikani.